TAHADHARI: anayeuza tiketi za mabasi ya Moshi na Rombo wasap NI TAPELI, kanila laki na sitini

Jamani naandika hii siku ya nne leo na mikono bado inatetemeka. Kuna mkaka anatangaza tiketi za Desemba kwenye magrupu ya wasap na fesibuku, Moshi, Rombo, Arusha, anajiita wakala, picha yake ya profaili ni basi la kampuni moja mnayoijua wote (nimewauliza, hawamjui kabisa). MSIMTUMIE HELA. Siti nne, elfu 40 kila moja, zote zimeenda.

Najua mtasema dada na wewe tena, wewe unayetukanya kila siku na zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ndio, mimi. Lakini nisikilizeni kwanza. Mwezi wa nane nilienda Dodoma na treni ya SGR, tiketi nilikata nikiwa kitandani, 31,000, kontro namba ikaja, nikalipa, asubuhi nikapanda bila kusumbuliwa na mtu. Kwa hiyo kwangu kukata tiketi kwenye simu ni kitu cha kawaida. Na mguu wa mama mnaujua, sio wa kumzungusha stendi kutafuta gari, na mimi kazini ruhusa ilikuwa inaanza tarehe 22 jioni. Desemba ya watu wa kwetu mnaijua, ukizubaa wiki moja unabaki Dar unaangalia picha za wenzio wanachinja mbuzi.

Nilimwandikia saa nne na nusu usiku, akajibu hapohapo. Akatuma voisi, "shikamoo dada", lafudhi ya kwetu kabisa, nikajua huyu ni mtu wa nyumbani. Akaniuliza nasafiri na nani, nikamwambia mama na watoto wawili, akasema "mama mzee? basi ngoja nimuweke mbele asipate shida ya kupita katikati". Yani kilichonimaliza ni hicho. Mtu anamuwazia mama yangu hivyo nitamdhania vipi? Akatuma picha ya siti zilivyopangwa, nyekundu zina watu, nyeupe ziko wazi, nikachagua mwenyewe A3, A4, B3, B4. Bei nayo haikuwa ya ajabu, elfu 38 na elfu 2 ya huduma, tapeli nilizoea kusikia anauza bei ya kutupa. Na kwenye grupu kulikuwa na dada kaandika chini ya tangazo "huyu nimesafiri nae mwaka jana yuko vizuri".

Alafu akaanza haraka haraka, "dada kuna mtu anazitaka hizohizo, nakushikilia dakika kumi tu". Nikaingiza namba, likaja jina la mwanamke. Nikasimama. Nikamuuliza kaka mbona jina la kike, akasema ni namba ya wife, yangu imejaa haipokei tena leo. Nakumbuka mdogo alikuwa ananivuta kanga anataka maji, nikamwambia subiri, nikaweka namba ya siri. Baada ya dakika mbili ikaja meseji, "Ndugu abiria", jina langu, siti zote nne, kuondoka saa 11:30 alfajiri, na nikalala usingizi mzuri kabisa.

Tarehe 23 saa kumi alfajiri tuko stendi ya Magufuli, Mbezi, bajaji mbili, mabegi, mchele, mama kamshika mjukuu. Gari lipo kweli, saa ni ileile. Tunapanda, kwenye siti zetu kuna baba na familia yake. Nikamwambia anyanyuke. Akanionyesha tiketi yake kwa upole, mimi nikapandisha sauti, nikamwambia hizi nimelipia wiki mbili zilizopita, watoto wake wakaanza kulia. Konda akaja, akatafuta jina langu kwenye orodha ya abiria, hamna. Akaisoma meseji yangu akasema "mama hii sio ya kwetu, imetumwa na namba ya mtu". Gari zima kimya wananiangalia. Yule baba kama uko humu, naomba unisamehe sana.

Tukashushwa na mizigo yetu. Namba haipatikani, wasap tiki moja. Huduma kwa wateja wakasema hela ilishatolewa usiku uleule. Mama alikaa juu ya gunia la mchele hadi saa tano asubuhi, hakunisema hata neno, afadhali angenisema. Tumekuja kupata siti mbili za gari jingine, watoto tumewapakata hadi Moshi.

Huyu mtu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ni ya nani kama sio ya watu hawa? Laini ina jina la mtu na alama za vidole, inakuwaje mwizi hakamatwi!!

Wa kwenda kabla ya mwaka mpya, jina la hela likiwa la mtu badala ya kampuni acha. Tiketi ikija kwa namba ya kawaida ya simu, acha. Pigeni ofisi ya basi wenyewe muulize jina lenu lipo kabla ya kubeba mabegi, mi ningepiga simu moja tu. Meseji yake tumeni 15040, ile namba ya TCRA ya kuripoti matapeli. Na yule dada wa "nimesafiri nae" sa hivi hayupo kwenye grupu, nahisi ni mtu mmoja.

Jumatatu naenda polisi. Tuko watatu tayari, wawili wa Arusha wameniinboksi jana na jina la hela ni lilelile. Kama na wewe umelizwa nae njoo na skrinshoti ya muamala, usifute hiyo chati hata kama inakuuma kuiona.