Ruta ya nyumba janja: uanze na 5G au 4G?

Tangu Vodacom izindue 5G, mtandao wa simu wa kizazi cha tano, Tanzania Septemba 2022, watu wanaotaka kuwasha taa, pampu na kamera kwa simu wananiuliza ruta ipi, yaani kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, wanunue. Mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza ni ruta ya 5G, kwa nyumba yenye kamera. Kamera ndiyo mlaji mkubwa. Ikirusha picha mtandaoni kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, usiku na mchana, inakula karibu GB 11 kwa siku. Tafuta bando lisilohesabu GB, na uulize kasi ya kupakia, usitosheke na ya kupakua. Omba uijaribu nyumbani kabla ya kulipa, maana masafa ya juu ya 5G hudhoofika sana yakikutana na ukuta. Iweke dirishani, upande wa mnara, usiifiche nyuma ya runinga. Hakikisha pia 5G ikipotea inahamia 4G yenyewe.

Ya pili ni ruta ya 4G. Kama huna kamera, nunua hii bila kusita. 5G imebuniwa kuhudumia hata vifaa milioni 1 kwa kilomita ya mraba, na mita na vihisi vya mji mzima vitafaidika. Lakini swichi kumi za nyumbani kwako zinatumia data kidogo mno. Kwa ruta zote mbili, ongeza UPS ndogo, betri ya akiba umeme ukikatika.

Ya tatu, MiFi, ruta ndogo ya mfukoni yenye betri. Umeme ukikatika inaendelea, ila betri ikichomekwa muda wote inaweza kuvimba. Soma kwenye boksi inapokea vifaa vingapi.

Hotspot ya simu naiweka mwisho: ukitoka, mtandao umeondoka nao.

Sasa jambo linalowaponza wengi. Jirani yangu alihangaika jioni nzima na plagi ya pampu ya simtanki. Taa ndogo ya plagi inawaka na kuzima, programu ya simu inagoma. Kumbe alichagua Wi-Fi yenye jina linaloishia na "5G". Hiyo ni GHz 5 ya Wi-Fi, haihusiani na 5G ya mnara, na plagi na balbu nyingi hushika GHz 2.4 tu. Tulipobadilisha, pampu ikanguruma na maji tukayasikia yakipanda bombani. Kwa hiyo ukiwa dukani, mwambie muuzaji aiwashe ruta na akuoneshe masafa hayo mawili yakitenganishwa kwa majina. Akishindwa, nenda duka la pili.