Soketi za kung'olea nati zilizolika kona: uzoefu wangu kwenye Land Rover 109 hapa Mtwara

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Seti hii inalipa pesa yake kwa kazi moja: nati au bolti iliyolika kona lakini mwili wake bado mzima. Bolti ikishakatika, weka seti pembeni umwite fundi wa kuchomelea. Kwenye boksi wameandika inafanya yote mawili. Boksi linasema mengi.

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya sisi 2,286, bloku na silinda hedi vyote chuma cha kasti. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ni mtu mzima. Hii yetu inalala Mikindani, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha, na mchana inabeba korosho msimu wake ukifika, chumvi ya mashambani miezi mingine. Anayetaka kuua bolti polepole hana haja ya kutafuta njia nyingine.

Gasketi ya manifoldi ya eksozi, yaani ile mirija inayokusanya moshi kutoka kwenye hedi, ilikuwa imeungua, injini ikiwaka inalia kama cherehani. Kubadilisha gasketi si kazi kubwa. Kazi ni kufika kwenye gasketi.

Nati za injini hii ni za inchi, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia vizuri tu, ila inacheza, na ukiikaza inaruka juu ya kona. Nati ya 9/16 ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaelea. Gari limepitia gereji nyingi ambazo zina spana za Toyota tu, na kila aliyeligusa aliondoka na kipande cha kona. Nilizozikuta mimi zilikuwa duara. Soketi ya kona kumi na mbili haikushika kitu, hata ile ya kona sita, ambayo ndiyo nzuri kwa nati ngumu kwa sababu inasukuma ubavu na si ncha, ilizunguka bure.

Basi nikanunua hii seti kwenye duka la vipuri mjini, 45,000. Ndani ya kila soketi kuna meno yaliyosokotwa. Unaigonga kwa nyundo juu ya nati mpaka ishike, kisha unazungusha kufungua, na kadiri unavyovuta ndivyo meno yanavyozama. Saizi zake ni za milimita, nami niliponunua nilidhani hilo ni tatizo. Kumbe ndiyo bahati yenyewe: 12 ni ndogo kidogo kuliko nusu inchi, 14 ni ndogo kidogo kuliko 9/16, na soketi za aina hii zinataka kuingia kwa kubanwa. Mwenye gari la zamani la Kiingereza asiogope seti ya milimita.

Lakini soketi haifungui kutu. Inashika tu. Ukishika nati ambayo kutu haijaachia, utakata stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa iliyopandwa kwenye hedi, na hapo umetoka kwenye shida ndogo umeingia kubwa. Kwa hiyo kabla ya nyundo nilipitisha mafuta ya kulainisha kutu jioni kwa jioni. Nilichanganya oili ya gia boksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Havichanganyiki kwa hiari, lazima utikise chupa kila unapodondosha, na asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo weka mbali na sigara na jiko. Dawa za kopo za dukani nazo zipo. Ukisoma kopo utakuta nyingine kazi yake ya kwanza ni kufukuza maji, si kuingia kwenye nyuzi za bolti zilizokufa.

Kilichofanya kazi kuliko mafuta yote ni moto na mshumaa. Toa betri, toa kabureta na paipu ya petroli, usifanye mchezo hapo. Pasha nati kwa moto wa gesi mpaka ianze wekundu hafifu, iache ipoe kidogo, kisha gusisha mshumaa kwenye nyuzi. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani. Ikipoa kabisa gonga soketi, kaza kidogo kwanza kama mtu anayefunga, halafu ndipo ufungue. Ule mkazo mdogo wa mwanzo unavunja kutu. Nati za manifoldi nyingi zilitoka hivyo, kwa mlio mmoja mkavu ambao mwanzoni unaushtukia ukidhani umekata.

Kasoro za seti. Soketi ni fupi. Stadi za manifoldi zinachomoza nje ya nati, na baadhi ziligota kwenye kitako cha soketi kabla meno hayajashika vizuri. Nilikata ncha ya stadi kwa msumeno ndipo ikakaa. Wangetengeneza ndefu kidogo tu ingekuwa seti nyingine kabisa. Pili, nati inabaki imenasa ndani, lazima uitoe kwa kugonga msumari mnene kupitia tundu la nyuma, kila mara. Tatu, ya 10 ilipasuka meno mapema. Na nati inayotoka haifai tena, kwa hiyo uwe na mpya kabla hujaanza.

Ilipofika nyumba ya thamostati, ile inayodhibiti joto la maji ya injini, seti haikusaidia chochote. Ile nyumba ni ya alumini na bolti zake ni ndefu, za chuma. Alumini ikiota ule unga mweupe inaibana bolti shingoni, chini ya kichwa, urefu wote. Soketi ikishika kichwa, kichwa kinabaki mkononi. Hapo pasha nyumba, si bolti: alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, inaachia yenyewe. Ila kuwa mwangalifu, alumini haiwi nyekundu kukuonya. Inakutazama tu, halafu hata kabla ya kufika nyuzi joto 660 za Selsiasi inamwagika.

Mbili zilikatika hata hivyo, na stadi moja ya manifoldi ilikuwa imekatika tangu zamani, chini ya uso wa hedi. Ndani ya boksi kuna vijiti viwili vya msokoto vya kutolea bolti zilizokatika: unatoboa bolti katikati, unaingiza kijiti, unazungusha kushoto. Fundi wa kuchomelea niliyemwita kutoka mjini aliniona nimekishika.

"Mwanangu, hicho rudisha ndani."

"Kwa nini mzee? Si ndiyo kazi yake?"

"Kikikatikia humo, hakuna biti yangu itakayokitoboa. Tutalala hapa."

Ana haki. Vijiti hivyo ni vya chuma kigumu kuliko biti za kawaida. Yeye aliweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, juu ya kisiki cha stadi, akajaza moto katikati kwa rodi ya milimita 2.5, akaweka nati juu ya washa na kuichomelea kwa ndani. Rodi ya kawaida haishiki vizuri kwenye kasti, kwa hiyo hedi ilibaki salama. Akaacha ipoe mpaka ikaguswa kwa mkono, akachukua spana ya kawaida kabisa, akaipeleka mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ikatoka na nyuzi zake. Joto la kuchomelea linapita katikati ya stadi, stadi inatanuka ikiwa imebanwa, ikipoa inasinyaa na kuachana na kutu. Alitoza 10,000 kwa kila moja.

Kufunga nimeweka stadi mpya, grisi ya shaba kwenye nyuzi, na nati za brasi upande wa eksozi, maana brasi haigandani na chuma kwa kutu. Nilizifungua baada ya mvua za masika kuangalia gasketi, zikatoka kwa spana ya nusu inchi bila mafuta.

Nyota tatu kwa seti. Kwa fundi, mpigie kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikianza yuko kwenye tela za malori, hapokei simu.