Kushusha gari Nakuru na Kisumu: shoki kwanza, springi baadaye

Ukitaka Fielder, Axio au Impreza yako ikae chini, pesa ya kwanza iende kwa shokabsoba, au shoki kama mafundi wanavyoziita. Springi hubeba uzito. Shoki ndiyo inayotuliza gari baada ya tuta. Ukifunga springi fupi na ngumu kwenye shoki iliyoisha, gari litadunda kutoka Salgaa hadi Mau Summit, na ule utulivu wa kona uliokuwa ukiutafuta hutauona.

Kabla ya kuuliza bei, amua unashusha kiasi gani. Fielder ya kawaida ina milimita kama 155 kati ya tumbo lake na lami. Toa 30, zinabaki 125, na hapo bado hujapakia watu watano na gunia la mahindi ukitoka ushago. Anayezunguka Milimani na katikati ya mji wa Kisumu atavumilia. Anayepita Ahero au Chavakali kila wiki, kwenye matuta yaliyomwagwa pasipo kipimo, asizidi 25. Mimi singevuka 30 hata nikipewa vifaa bure.

Nambari moja kwangu: springi fupi za kiwandani pamoja na shoki za spoti. Eibach, H&R na Tein hutengeneza springi za aina hii, na nyingi hushusha kati ya milimita 25 na 40; soma karatasi ya modeli yako kabla ya kulipa. Kwa upande wa shoki, KYB wana New SR Special, zile za buluu, zinazofaa pia magari yenye springi fupi. Sababu ni rahisi: springi fupi humfanya shoki aishi karibu na mwisho wa safari yake, na shoki ya kawaida hugonga raba ya kikomo mapema kisha ikafa. Bei yake iko kati, na gari linabaki la kubeba familia.

Nambari mbili ni koilova, yaani seti ya shoki na springi inayorekebishwa kimo, lakini si kila koilova. Zile za bei rahisi hushusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi peke yake, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo safari ya shoki inavyopungua. Tafuta zinazorekebishwa urefu mzima, ambapo unazungusha sehemu ya chini na springi haiguswi. Tein Flex Z na nyingi za BC Racing ya Taiwan ziko hivyo. Flex Z imefungwa moja kwa moja: ikivuja hufungui kuitengeneza, unanunua nyingine. Adui wake hapa ni vumbi la Nakuru na tope jeusi la Kano, ambavyo huingia kwenye nyuzi za kurekebishia na kuzigandisha. Osha nyuzi kwa brashi kila baada ya mvua, uzipake dawa ya kuzuia kutu. Ukijua hutafanya hivyo, baki na nambari moja, na utaokoa pesa nyingi sana.

Nambari tatu: shoki za mtumba kutoka Japani, zilizotolewa kwenye modeli za spoti. Wenye Subaru wanazipenda, na huwa zinapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, zikatumwa kwa basi. Kabla ya kulipa, kandamiza fimbo hadi chini kisha iachilie. Yenye gesi hupanda yenyewe polepole, bila kukwama. Ipapase: mafuta ni kifo, na mkwaruzo kwenye kromu ni kifo cha kesho. Nunua jozi iliyotoka kwenye modeli moja, ya kushoto na ya kulia, na ukiambiwa iliyopo ni ya kushoto pekee, ondoka.

Mwisho kabisa, kukata springi kwa grainda au kuipasha moto. Usiguse. Moto huondoa ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kuruka kutoka kitini pake tairi linaponing'inia kwenye shimo. Kuna watakaokwambia wamekata na hakuna kilichotokea. Waache.

Ukifunga mwenyewe nyumbani, kazi ya nyuma kwenye Fielder ya kuendeshwa na tairi za mbele ni nyepesi, maana springi na shoki zimetengana. Mbele ndiko kwenye hatari. Kule springi imeshikwa na shoki, na nati ya juu haifunguliwi kamwe kabla kibano cha springi hakijaibana kikamilifu. Ikifyatuka inavunja taya. Kibano cha kuazima chenye nyuzi zilizoliwa kirudishe. Ukikosa kizuri, peleka mguu mzima, shoki na springi zikiwa pamoja, kwa fundi akubanie, wewe ufunge mwenyewe. Gari liwekwe juu ya stendi, si jeki pekee, tena kwenye zege, si kwenye udongo wa kiwanja. Toa mpira wa breki na waya wa ABS kwenye vishikio vya shoki kabla ya kuivuta. Kwenye Subaru, kati ya bolti mbili zinazoshika sehemu ya chini ya shoki ya mbele upande wa tairi, ile ya juu ndiyo inayopanga mlalo wa tairi: chora alama kwa rangi kabla ya kuifungua.

Bolti za bushi, yaani raba za maungio, za mkono wa chini kaza kwa mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza tairi likiwa hewani, bushi hujipinda gari linaposhuka na kupasuka upesi, kisha lawama inaangukia springi.

Weka pesa ya alaimenti, yaani kupanga tairi upya, pembeni tangu mwanzo. Huenda ukailipa mara ya pili baada ya springi kukaa, na ni sawa. Waambie mafundi wa alaimenti pia waangalie taa za mbele, zisije zikawa zinamulika lami mita chache tu mbele yako usiku unapotoka Kericho. Na kampuni yako ya bima ijulishwe kwa maandishi kuwa gari limebadilishwa.