Tathmini ya PDO: Kuita Prosija za MySQL Kutoka Kwenye Msimbo wa PHP

Anayeandika programu za tovuti kwa PHP na kuweka data zake ndani ya MySQL ana njia mbili za kawaida za kuwasiliana na hifadhidata hiyo: mysqli, iliyotengenezwa kwa ajili ya MySQL peke yake, na PDO, inayohudumia hifadhidata za aina nyingi kwa mtindo mmoja wa msimbo. Nimezitumia zote mbili, na kwa miaka kadhaa sasa nimeegemea PDO katika kazi ambazo sehemu nzito ya mantiki imo ndani ya prosija, yaani maagizo ya SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata) yaliyopewa jina, yakahifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, na kuitwa kwa neno CALL. Tathmini hii inahusu jambo hilo moja tu. Jibu langu ni kwamba PDO inafaa kwa kazi hiyo na sina mpango wa kuiacha, lakini ustadi wake umo zaidi katika kupeleka. Katika kupokea, inamwachia mwandishi wa programu kazi ambayo wengi hawajui kwamba ni yao, hadi siku mfumo unapokwama.

Prosija na PDO ziliingia mikononi mwa watu karibu wakati mmoja. MySQL 5.0, toleo la kwanza kuwa na prosija, ilitangazwa kuwa tayari kwa matumizi Oktoba 2005, na PHP 5.1, iliyokuja na PDO ndani yake, ilitoka Novemba mwaka huohuo. Pamoja na ujirani huo, PDO haikujengwa kwa kuitazama MySQL peke yake, na ndiyo sababu baadhi ya ahadi zake kuhusu prosija hutimia kwenye hifadhidata nyingine na hazitimii kwenye hii.

Nianze na upande unaostahili sifa. Chukua mfumo wa ghala wenye prosija iitwayo toa_bidhaa, ambayo hupokea namba ya bidhaa, idadi inayotakiwa na namba ya oda, kisha hufunga mstari wa bidhaa hiyo kwa SELECT ... FOR UPDATE, hukagua salio, hulipunguza na kuandika kumbukumbu ya utoaji. Kama hatua hizo zingeandikwa kwenye PHP, msimbo ungekwenda na kurudi kwenye seva ya hifadhidata kwa kila hatua, na mstari ule ungebaki umefungwa muda wote wa safari hizo huku wateja wengine wakisubiri. Kwa prosija, safari ni moja. Kwenye PDO wito wenyewe ni mfupi na unasomeka: unaandaa CALL toa_bidhaa(?, ?, ?), unaipa execute() safu ya thamani tatu, na kazi imekwisha. Thamani hazichanganywi kwa mkono na maandishi ya SQL, kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya hawezi kupenyeza maagizo yake kupitia fomu ya tovuti. Ulinzi huo, hata hivyo, unakomea mlangoni: ikiwa ndani ya prosija kuna mahali panapounganisha maandishi kwa CONCAT na kuyatekeleza kwa PREPARE, tundu lililozibwa kwenye PHP limefunguliwa upya kwenye hifadhidata, na PDO haina uwezo wa kuliona.

Faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutumia prosija, ni ya ruhusa. Prosija ya MySQL, isipoelezwa vinginevyo, hutekelezwa kwa mamlaka ya aliyetajwa kuwa mwenye nayo, si ya anayeiita. Hivyo akaunti inayotumiwa na tovuti inaweza kupewa haki ya EXECUTE peke yake kwa prosija chache, bila haki yoyote ya kusoma wala kubadilisha majedwali moja kwa moja. PDO haihitaji lolote la ziada ili kufanya kazi na akaunti iliyobanwa namna hiyo, na nimeridhika nayo kabisa katika hili.

Sasa upande wa kupokea, ambao ndio ulionifanya niandike. Wito wa CALL katika MySQL haurudishi jibu moja. Kila SELECT iliyo ndani ya prosija inayotoa matokeo kwa mwitaji huzaa seti yake ya matokeo, na baada ya zote seva hutuma jibu la mwisho lisilo na mistari, linaloeleza tu kwamba prosija imemalizika. Maana yake ni kwamba hata prosija yenye SELECT moja hurudisha majibu mawili. Anayeita fetchAll(), inayosoma mistari yote ya seti, na kuendelea na safari yake ameacha jibu la pili njiani, na muunganisho hauwezi kupokea ulizo jipya mpaka lile lililobaki lichukuliwe. Ulizo linalofuata huangukia kosa namba 2014, linalolalamika kwamba kuna maulizo mengine ambayo hayajamalizwa.

Kosa lenyewe si baya. Kibaya ni ushauri ulioandamana nalo katika matoleo ya zamani ya PHP. Ujumbe ulimwelekeza mtu atumie fetchAll(), au awashe uhifadhi wa matokeo kwenye kumbukumbu ya PHP. Kwa prosija, ushauri wa kwanza hausaidii, kwa kuwa fetchAll() humaliza mistari ya seti iliyo mbele yake tu na haigusi seti zinazofuata. Na wa pili hausaidii pia, kwa kuwa uhifadhi huo huwa umewashwa tangu mwanzo. Nimewahi kumwona mwenzangu, mtu makini, akipoteza siku nzima akifuata maelekezo hayo neno kwa neno. Dawa ni closeCursor(), ambayo kwenye draiva ya MySQL (sehemu ya PDO inayozungumza na MySQL) hutupa majibu yote yaliyobaki, au kuita nextRowset() kwa kurudiarudia mpaka isirudishe kitu.

Kinacholifanya tatizo hili liwe gumu kukamatika ni kwamba mara nyingi PDO hulificha. Kauli iliyoandaliwa, yaani ule wito unaoandaliwa kabla ya execute(), inapoachwa na kufutwa kwenye kumbukumbu, kwa mfano kazi (function) iliyoitengeneza inapofika mwisho, draiva huyasafisha majibu yaliyobaki yenyewe bila kuambiwa. Kwa hiyo msimbo wenye kosa unaweza kufanya kazi miezi mingi, mradi kila wito uwe ndani ya kazi yake ndogo. Siku mtu anapounganisha kazi mbili kuwa moja, au anapoandika wito wa pili wakati kigeu (jina linaloshikilia thamani kwenye msimbo) cha wa kwanza bado kipo hai, mfumo unavunjika mahali ambapo hakuna mstari wa SQL uliobadilishwa. Ningependelea PDO ikatae tangu siku ya kwanza kuliko kusamehe kwa namna isiyotabirika.

Kuna hatari nyingine iliyojificha papo hapo. Prosija ikitoa SELECT kwanza na kugundua tatizo baadaye, kosa linakuwa nyuma ya seti ya kwanza, na halijitokezi hadi msimbo uombe seti inayofuata. Anayesoma seti ya kwanza na kufunga hupata matokeo yanayopendeza macho, huku prosija yenyewe ilishindwa. Ndiyo maana katika kazi zangu nimeandika kazi moja ndogo ambayo wito wote wa prosija hupitia humo: inatekeleza, inapita kwenye kila seti kwa nextRowset(), inakagua columnCount() ili isijaribu kusoma mistari kwenye jibu la mwisho lisilo na safuwima, kisha inafunga. Ni mistari isiyofika 20, na nadhani ilistahili kuwamo ndani ya PDO yenyewe.

Kuhusu parameta za OUT, yaani zile ambazo prosija hurudishia thamani kwa mwitaji, hapa ndipo ahadi isiyotimia ilipo. PDO ina bindParam() na alama ya PARAM_INPUT_OUTPUT, na anayesoma maelezo yake huamini kwamba kigeu cha PHP kitajazwa na thamani iliyotoka kwenye prosija. Kwenye MySQL hakijazwi. Katika hali ya kawaida ya draiva, ambapo PDO yenyewe hupachika thamani kwenye maandishi ya ulizo kabla ya kuyatuma, seva huona thamani kavu mahali ilipotarajia kigeu na hukataa kwa kosa namba 1414. Njia inayotumika ni kupitia vigeu vya kikao, vinavyokaa kwenye seva muda wote wa muunganisho: unaita CALL salio_la_bidhaa(?, @salio), unafunga, kisha unauliza SELECT @salio. Inafanya kazi, ila inarudisha ile safari ya pili tuliyotaka kuiepuka. Mimi nimeacha kabisa kutumia OUT katika prosija zinazoitwa na tovuti. Badala yake prosija humalizia kwa SELECT ya mstari mmoja wenye thamani zote zinazohitajika.

Vigeu hivyo vya kikao vina dosari nyingine kwa wanaotumia miunganisho ya kudumu, ile isiyofungwa ombi la tovuti linapoisha. PDO haisafishi muunganisho wa MySQL kabla ya kuukabidhi kwa ombi linalofuata, kwa hiyo @salio la mtu mmoja linaweza kukutwa hapo na ombi la mtu mwingine. Katika hili mysqli imeizidi wazi, kwa sababu yenyewe hurudisha muunganisho katika hali yake ya mwanzo kabla ya kuutumia tena. Na asiyetumia miunganisho ya kudumu ajue kwamba MySQL huweka prosija zilizokwisha kuchambuliwa katika akiba ya kila muunganisho peke yake, prosija 256 kwa kila mmoja kwa chaguo la kawaida, na akiba hiyo hupotea muunganisho unapofungwa. Wanaosifu prosija kwa madai kwamba huchambuliwa mara moja na kutumika daima hawasemi kweli kwa tovuti ambayo kila ombi hufungua muunganisho wake mpya. Faida ya kasi inatokana na kupunguza safari, na hiyo inatosha.

Upande wa kutoa makosa nimeupenda, hasa tangu PHP 8.0, ambapo PDO hurusha kosa bila kusubiri kuagizwa. Prosija inaweza kukataa kazi kwa SIGNAL SQLSTATE '45000' ikiwa na ujumbe wake, kama vile kwamba salio halitoshi, na PHP ikaupokea kama PDOException yenye getCode() ya 45000 na namba 1644 ndani ya errorInfo. Hivyo msimbo unatofautisha kwa uhakika kati ya katazo la kanuni za biashara, ambalo mtumiaji anapaswa kuelezwa, na hitilafu ya mfumo, ambayo inapaswa kwenda kwenye kumbukumbu za makosa bila kuonyeshwa kwa umma.

Miamala, yaani mafungu ya maagizo yanayothibitishwa yote pamoja au kufutwa yote, inataka uangalifu mkubwa kuliko yote niliyotaja. Ikiwa PHP imeita beginTransaction() na prosija nayo ina START TRANSACTION ndani yake, MySQL haiweki muamala mdogo ndani ya mkubwa. Hukamilisha ule wa nje kimyakimya na kuanza mwingine. Kila kilichoandikwa kabla ya wito kimeshathibitishwa, na rollBack() haiwezi kukirudisha. Kabla ya PHP 8.0, PDO ilikuwa inafuata hesabu yake yenyewe na haikutambua kilichotokea, ikaendelea kana kwamba muamala bado upo. Sasa inasoma hali halisi ya muunganisho, na kama prosija imeshamaliza muamala wake, commit() hurusha kosa kwamba hakuna muamala unaoendelea. Haya ni maendeleo makubwa, ingawa taarifa hufika baada ya data kuwa zimeandikwa. Kanuni ninayoifuata bila kuivunja ni kwamba upande mmoja tu ndio unaofungua miamala: ama PHP, ama prosija, na uamuzi huo unaandikwa juu ya kila prosija.

Mysqli ingekuwa chaguo bora zaidi? Kwa prosija peke yake, kama hujali kuhamia hifadhidata nyingine, tofauti ni ndogo. Nayo inadai majibu yote yamalizwe, kwa next_result() badala ya nextRowset(), nayo haijazi parameta za OUT kwenye vigeu vya PHP. Usafi wake wa miunganisho ya kudumu ni hoja ya kweli. Lakini kwa wepesi wa kuandika na kusoma msimbo, bado nachagua PDO.

Mwisho ni mambo ambayo si kosa la PDO ila humkuta kila anayeitumia kwa namna hii. Neno DELIMITER si la seva. Ni agizo la programu ya mteja ya MySQL, kwa hiyo ukiunda prosija kupitia PDO liache nje, la sivyo seva italikataa. Na chombo cha mysqldump hakibebi prosija mpaka kiambiwe kwa --routines, ingawa triga, yaani maagizo yanayojiendesha jedwali linapobadilishwa, hubeba bila kuombwa. Nilishapokea nakala rudufu ya mfumo mmoja iliyokuwa na majedwali yote, data zote, na prosija hata moja haikuwamo. Tovuti ilifunguka vizuri na kuanguka kwenye wito wa kwanza wa CALL. Tulipozipata prosija kwenye seva ya zamani na kuzihamisha, zikagoma tena kwa kosa namba 1449, kwa kuwa mwenye nazo aliyetajwa kwenye DEFINER hakuwa na akaunti kwenye seva mpya. Tangu hapo, maandishi ya kila prosija hukaa pamoja na msimbo wa PHP katika hazina moja, na huwekwa upya kwenye hifadhidata kila toleo jipya la tovuti linapopandishwa.