DWG au DXF: fundi umpelekee ipi?

Asalaam aleikum, karibuni. Hiyo sauti mnayoisikia nyuma ni feni. Samahanini, nikiizima kwa joto hili la Mombasa, mimi na kompyuta sote hatumalizi video.

Leo ni faili za michoro. Mtu ashachora, amefika kwenye "Save As", anakuta orodha ndefu, anaganda. DWG au DXF? Mie kabla sijajibu humuuliza: ni nani atakayeifungua baada yako?

Tuanze na DWG. Hii ndiyo faili ya AutoCAD yenyewe, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, tangu ilipotoka 1982. Ni nyepesi, na inabeba kila kitu: leya (yaani matabaka ya mchoro), bloku (vipande vya kutumia tena na tena), vipimo, mpaka kurasa za kuchapia. Mchoro wangu wa asili siku zote unakaa humu. Balaa lake ni matoleo. Ukihifadhi kwa muundo wa 2018, mwenzako mwenye AutoCAD ya 2014 haufungui ng'o. Sasa tazameni hapa. Naifungua DWG kwa Notepad, ile programu ya kuandikia maneno matupu. Ni kama mdudu kachovya miguu kwenye wino akapita, sivyo? Lakini soma herufi sita za mwanzo: AC1032. Huo ni muundo wa 2018. Ungekuwa AC1027, ni wa 2013. AC1015, ni wa 2000. Ukishaona, funga bila kuhifadhi, la sivyo umeiua faili.

Na hii ni DXF, faili ya kupeana michoro kati ya programu na programu. Mchoro uleule, Notepad ileile. Yasomeka! Sifuri, chini yake LINE, yaani mstari. Nane, chini yake jina la leya. Kumi ni X ya mwanzo wa mstari, ishirini ni Y. Ndiyo maana programu nyingi zinaielewa, na LibreCAD, ambayo ni ya bure, huhifadhi kwa DXF, DWG haiandiki. Uzito ndio tatizo: mchoro mkubwa ukiuandika kwa maneno hivi, faili inavimba.

Lakini kilichoniumiza mimi si uzito. Nilichora nakshi ya kuwekwa juu ya mlango, mtindo wa Mji wa Kale, maua na mnyororo pembeni. Mteja alikuja na vipimo vya futi na inchi, nami nikachora kwa inchi, upana 24. Nikahifadhi DXF ya R12, toleo la zamani la DXF, kwa sababu mashine za kukata za zamani huipenda hiyo, nikampelekea fundi wa mashine. Jioni kanipigia, anacheka hana mbavu: "Bosi, huu mlango wa panya?" Kipande chote kinatosha juu ya kiberiti.

Kisa chenyewe: R12 haiandiki kipimo ni inchi au milimita. Inaandika 24 tu. Mashine yake inahesabu milimita, ikakata milimita 24 badala ya 609.6. Tofauti ni mara 25.4, na shukuru Mungu ilikuwa ndogo vile; ubao ulioharibika ni kipande tu. Matoleo ya baadaye ya DXF yana mahali pa kutaja kipimo, ila programu inayopokea ikiamua kupapuuza, mko palepale.

Jambo jingine la R12: haina spline, yaani mstari uliopinda kwa ulaini, wala duaradufu. Mapetali yako yaliyopinda vizuri yanageuzwa vijistari vifupi vifupi, na ukiacha vijistari virefu mno, ua linatoka na kona kama nati. Vuta karibu uangalie kabla ya kutuma.

PDF mpe mteja. Aangalie kwenye simu, aseme ndiyo au hapana, basi. Ukimpa fundi wa mashine hiyo peke yake, umemtafutia kazi ya kuchora upya.

Kwa hiyo mie siku hizi nafanya hivi. DWG inabaki kwangu. Ya mashine natoa DXF, mchoro ukiwa wa milimita tangu mwanzo, na pembeni, kwenye leya yake, nachora mraba wa 100 kwa 100. Mnauona huu mwekundu? Haukatwi. Fundi akiifungua faili, kabla hajaweka ubao, anaupima, kisha ananitumia namba. Akisema 100, namwambia kata. Akisema 2540, mashine imesoma inchi; namwambia ngoja kwanza, nakuja.