Wakili Mzoefu wa Kesi za Talaka, Upper Hill: Ada Ni Kubwa, Kazi Inaonekana

Ofisi ninayoitathmini iko Upper Hill, Nairobi, ina mawakili wachache, na anayeiongoza ni mama aliyeshughulikia mashauri ya ndoa na mirathi kwa miaka mingi. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa mambo ya kifamilia yana faragha yake. Nitaeleza nilichokilipia na kama kilistahili bei.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunipunguzia maneno. Nilimpelekea ushahidi wa uzinzi, yaani jumbe za simu na majina ya wahusika. Akausoma wote, akaurudisha kwenye bahasha, kisha akaniuliza ni tangu lini mimi na mume wangu hatuishi pamoja. Ndoa yetu ilifungwa kwa msajili, pale Sheria House, jengo la ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na kwa ndoa ya namna hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inakubali kwamba wanandoa waliotengana kwa muda usiopungua miaka miwili ndoa yao imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Alinieleza kuwa tukidai uzinzi tutabeba mzigo wa kuuthibitisha, tutamwingiza mtu wa tatu katika kesi, na tutamkasirisha mwenzangu hadi apinge hata yale aliyokuwa tayari kuyakubali. Ombi likawa fupi, na halikupingwa. Wakili mwenye njaa ya kuonekana asingeiacha bahasha ile ibaki imefungwa.

Wengi hudhani talaka, mali na watoto huamuliwa kwa siku moja na hakimu mmoja, kumbe kila jambo lina mlango wake: talaka ina ombi lake, mgawanyo wa mali unafuata Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, na malezi na matunzo ya watoto yanasikilizwa chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mali haigawanywi kabla ndoa haijavunjwa, kwa hiyo anayechelewesha talaka anachelewesha pia haki yake kwenye nyumba. Yeye alipanga mambo kwa utaratibu huo, na kabla ya lolote aliweka zuio kwa msajili wa ardhi, ili nyumba yetu ya Ruiru isije ikauzwa wakati sisi tunasubiri tarehe za mahakama ya Milimani.

Uzoefu wake ulijidhihirisha zaidi kwenye mali. Bado mitaani watu wanaambiana kwamba mke akiachika anapata nusu, ilhali Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba usawa unaotajwa na Kifungu cha 45 cha Katiba haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila upande uthibitishe mchango wake. Hatimiliki ilikuwa kwa jina la mume wangu peke yake. Wakili alitandaza taarifa zangu za M-Pesa mezani, akashika kalamu ya manjano, na kila alipofika kwenye malipo aliuliza, "Mama, huyu ni nani? Fundi au dereva wa mchanga?" Tulipomaliza, ujenzi mzima ulikuwa umechorwa kwa manjano, kuanzia msingi hadi mabati. Kisha akaandika katika hati ya kiapo jambo ambalo mimi nisingelihesabu hata kidogo: ulezi wa watoto na kazi za nyumbani, ambazo sheria yenyewe inazitambua kuwa mchango usio wa fedha. Shauri lilipelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama, utaratibu ulioanza hapo Milimani mwaka 2016, na lilimalizikia huko kwa makubaliano. Upande wa pili ulipoona faili lile haukuwa na hamu ya kusikilizwa kesi.

Kasoro zipo. Simu zangu nyingi zilipokelewa na mwanafunzi wa uwakili, kijana mwenye adabu lakini asiye na jibu, na siku za kesi kutajwa alitumwa wakili mdogo huku ada ikibaki ileile. Gharama za kuwasilisha nyaraka na nakala zilidaiwa juu ya ada, jambo ambalo lingepaswa kusemwa wazi siku ya kwanza.

Kwa wanandoa wasio na mali wala watoto, na waliokwisha kukubaliana, ada hii sioni sababu yake. Mwanamke asiye na uwezo aanzie FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, au aende Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Lakini palipo na nyumba yenye jina moja kwenye hati, ningemlipa mama huyu tena, ila safari hii ningedai mkataba wa ada kwa maandishi, wenye gharama zote ndani yake na unaosema ni siku zipi atasimama mahakamani yeye mwenyewe.