Nilimpeleka mama Berkeley kwa kiti mwendo: uzoefu wangu wa siku nne

Nilikwenda Berkeley, California, kwa ajili ya ngazi. Ni zile za Sproul Hall, jengo la utawala la chuo, pale Mario Savio, kiongozi wa wanafunzi, alipohutubia tarehe 2 Desemba 1964, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California walipodai haki ya kufanya siasa ndani ya kampasi yao. Habari zile nimezisoma tangu ujana. Mama, ambaye magoti yalishamkatalia na sasa anatembelea kiti mwendo, alikubali kunisindikiza kwa sharti moja tu: tusikimbizane. Naandika haya hasa kwa mtu anayetaka kusafiri na mzazi au ndugu asiyeweza kutembea na bado hajajua aende wapi.

Kufika si kazi. Ukitua San Francisco unapanda treni ya BART pale pale uwanja wa ndege na kushuka Downtown Berkeley, na kampasi iko jirani kabisa. Unaingia tu. Hakuna geti wala anayeuliza kitambulisho.

Nenda Sproul Plaza, uwanja ulio mbele ya ngazi zile, siku ya kazi, mchana, chuo kikiwa wazi. Tulikuta meza za vikundi vya wanafunzi zimepangwa pande zote mbili, kila moja na kitambaa chake, vipeperushi, na kijana anayekukimbilia kabla hujasogea. Usizipite meza hizo haraka, maana ugomvi wote wa 1964 ulianzia kwenye meza kama hizo, chuo kilipozipiga marufuku. Oktoba mosi polisi walimkamata mwanaharakati Jack Weinberg akiwa kwenye meza mojawapo na kumwingiza garini. Wanafunzi wakalizunguka gari, wakaketi chini, likakwama hapo saa 32, na wasemaji wakawa wanapanda juu yake kuhutubia. Savio alivua viatu kwanza ili asiliharibu. Hilo la viatu ndilo lililomgusa mama. Alinifanya nimsimulie mara mbili.

Halafu akaona kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakipita. Sakafuni pale uwanjani kuna duara la jiwe, na katikati yake kitundu cha udongo mtupu, upana wake kama sentimita 15, hakizidi mdomo wa bakuli. Maneno yamechongwa kuuzunguka. Nikachuchumaa nikamsomea kwa Kiswahili: udongo huu na anga iliyo juu yake si sehemu ya taifa lolote wala hauko chini ya mamlaka yoyote. Wanafunzi walikuwa wanaukanyaga wakienda darasani. Mama akaniambia nimsogeze, akainama, akauweka mkono wake juu ya ule udongo. "Kwa hiyo sasa hivi mkono wangu hauko Marekani?" Nikamwambia ndivyo walivyoandika. Akauacha pale kwa muda mrefu.

Lakini kilichonifanya niupende mji huu kiko kwenye kona za barabara. Kila tulipovuka katikati ya mji, ukingo wa njia ya waenda kwa miguu ulikuwa umekatwa ukalazwa hadi usawa wa lami, na mwisho wake pana vigae vyenye vinundu vya kumjulisha asiyeona kwamba barabara imefika. Siku ya kwanza nilikuwa bado nakiinua kiti kwa mbele kila kona, kwa mazoea. Mama ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, acha kuninyanyua, hapa pameteremka." Kuna historia ndani ya mteremko ule. Mwaka 1962 chuo kilimpokea Ed Roberts, aliyekuwa amepoozwa na polio akiwa na miaka 14, na wakamlaza hospitali ya kampasi kwa sababu mabweni hayakuweza kuibeba mashine yake ya kupumulia. Wanafunzi wengine wenye ulemavu wakaongezeka, wakajiita Rolling Quads, wakalibana baraza la mji hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaanza kuzikata kingo hizo. Mwaka 1972 wakafungua Center for Independent Living, kituo kinachoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Nilikuwa namjua Savio kwa miaka. Roberts sikuwahi kumsikia, na hilo limeniuma.

Kasoro zipo. Hoteli tuliyolala ilituahidi chumba cha kiti mwendo. Tulipofika, mlango wa bafu ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Ilibidi tubishane saa nzima ndipo tukabadilishiwa. Piga simu mwenyewe uulize upana wa milango kwa sentimita, usiridhike na alama kwenye tovuti. Bei ziko juu. Mashariki ya kampasi ni mlima, mikono itauma. Na utaona watu wanaolala nje, wengi, katika mji unaojivunia kujali watu. People's Park, bustani iliyo karibu na kampasi, ambako Mei 1969 kijana James Rector alipigwa risasi na polisi akafa, tuliikuta imezungushiwa makontena. Chuo kiliyaweka Januari 2024 ili kijenge makazi. Tulisimama nje tu.

Chakula nitasema kimoja: Cheese Board, duka la jibini na pizza ambalo tangu 1971 ni mali ya wafanyakazi wake wote. Pizza ni ya aina moja kwa siku, haina nyama, na foleni ni ndefu. Tulirudi siku ya pili.

Siku ya mwisho tulipanda treni kituo kimoja kusini, hadi Ashby, kuliona jengo la Ed Roberts Campus, lenye ofisi za mashirika ya watu wenye ulemavu. Ukiingia tu unakutana na njia ya mteremko iliyojizungusha kama konokono, nyekundu, pana, inayopanda hadi ghorofa ya juu. Nikashika mishikio ya kiti. Mama akanigonga mkono nimwachie, akaanza kusukuma magurudumu mwenyewe, polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilimsubiri chini. Alipofika juu alichungulia, akaniambia nimpigie picha, kisha akateremka na kupanda tena.